Kiti cha Pweza

Kijiji huandikwa Eype, hutamkwa Ip,
kama mtu aliyekatizwa kabla ya kumaliza jina lake.
Bi Avis Hallett ndiye aliyenifundisha,
siku ya pili nilipokuja kumfunga vifungo vya sweta,
naye mikono inamtetemeka, chai haifiki mdomoni.

"Leo bamvua," namwambia. Yeye hana neno la bamvua,
ana jedwali la maji limebanwa kwenye mlango wa friji.
Tunakubaliana: saa sita na nusu bahari itakuwa mbali.
"Nenda wewe. Jumapili ni siku yako.
Usiguse jabali. Lina hasira tangu mvua za Januari.
Okota kilichokwisha kuanguka."

Nikateremka na nyundo yake, na miwani yake ya plastiki,
na gazeti la kufungia, kama mtu aendaye kununua dagaa.

Mawe ya mchanga, rangi ya mkate ulioungua ukingoni.
Usitafute nyota, alisema, utaona nyota kila mahali.
Tafuta mstari usio na sababu.
Nikapitwa na mbwa watatu na mtu akiwaomba msamaha.
Saa nzima sikuona kitu
ila maji, na vidole vyangu vikigeuka vya mtu mwingine.
Kisha nyuzi. Nyuzi za cherehani zilizonaswa kwenye unga.
Mkono mmoja, miwili,
nikapiga magoti,
minne.
Wa tano umeishia njiani.

Mezani, chini ya taa, hakugusa kwanza.
"Niambie. Sahani ya katikati iko peke yake?
Mikono imechomoza ghafla?"
Kama mikia ya mijusi watano waliofungwa fundo moja, nasema.
"Basi si nyota halisi, ni binamu yake mwembamba.
Halisi hunenepa kuelekea tumboni,
huwezi kusema mkono unaanzia wapi."
Akanitaka nimshike kifundo, nimtulize,
akapitisha ukucha juu ya jiwe, polepole,
kama anayesoma bei.

"Na huu mfupi?"
Umevunjika, nikasema. Labda mimi, nilipokuwa nauinua.
"La. Lete lenzi. Tazama ncha."
Ncha ilikuwa nzima, nyembamba, imechongoka.
"Ulikuwa unaota upya. Alikatwa, akaanza tena,
ndipo tope likaja, usiku mmoja tu."
Birika likajizima. Hakuna aliyeinuka.

"Kwenu mnamwitaje?"
Kiti cha pweza.
Akacheka mpaka nikashika kikombe chake.
"Na pweza mwenyewe yuko wapi?"

Nikatazama jiwe. Miaka milioni mia na themanini na ushei
kiti kimewekwa, mgeni hajaonekana.
Au alikuja. Pweza hana mfupa.
Huketi, hunyanyuka, huenda zake,
hamwachii mtu ushahidi.
Nikawaza vyumba nilivyofagia Bridport tangu nije,
vitanda nilivyotandika, migongo niliyoosha,
na mahali ambapo ningebonyeza tope, nikabaki.
Sikumwambia. Nikamuuliza ilipo gundi.

Lebo niliandika mimi, kwa kalamu ya wino mweusi,
yeye akisema, herufi kwa herufi, jina refu la kitaalamu
ambalo wote wawili tulilikosea mara mbili.
Namba mia sita na kumi na moja.
Jiwe lililoanguka, chini ya jabali, Eype.
Tarehe.
"Aliyeokota?"
Wewe, nikasema, nyundo ni yako.
"Nyundo haioni. Andika jina lako. Lote."

Nikaanza: Mwantumu binti Rajabu Sheka—
karatasi ikaisha.
Akaniangalia, kichwa kikitikisika kwa ugonjwa au kwa kukataa,
sikujua.
Nikaigeuza lebo,
nikaendelea upande wa pili.